Michuki: Waziri aliyezitia matatu adabu, barabara ikabaki ilivyokuwa

JINA la marehemu John Njoroge Michuki liligeuka kuwa sheria kabla mwenyewe hajaaga dunia. Katika vituo vya matatu vya Embu, Chuka na Meru, utingo anayemkataza abiria wa 15 kupanda hataji nambari ya tangazo la serikali wala kifungu cha Sheria ya Trafiki. Hutaja Michuki, na abiria huelewa. Ni nadra kwa waziri kuacha jina lake ndani ya gari la abiria namna hiyo.

Michuki alifariki Februari 21, 2012, akiwa na umri wa miaka 79. Wakati huo alikuwa Waziri wa Mazingira na mbunge wa Kangema. Alikuwa amepitia wizara kadhaa zenye uzito, na katika baadhi yazo alizua uhasama mkubwa. Hata hivyo, Wakenya wengi humkumbuka kwa kipindi kisichotimia miaka mitatu alichoongoza Wizara ya Uchukuzi, tangu Januari 2003 hadi mwishoni mwa 2005. Kipindi hicho kilionyesha jinsi amri isiyoyumba inavyoweza kuokoa maisha ya watu, na pia kilionyesha mahali ambapo amri hukwama. Anayetaka kuyaona yote mawili katika safari moja na apande gari kutoka Nairobi kwenda Meru kupitia Embu.

Alizaliwa mwaka wa 1932 huko Kangema, Murang'a, katika wilaya ambayo wakoloni waliiita Fort Hall. Ni nchi ya matuta na mabonde yanayoteremka kutoka milima ya Nyandarua, ambako kijiji cha ng'ambo huonekana karibu lakini kukifikia ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena. Babake alikuwa chifu wa serikali ya kikoloni. Kijana Michuki alisoma hadi Shule ya Upili ya Mang'u, akaajiriwa serikalini, na baadaye akapata nafasi adimu ya kusoma Worcester College katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mahasimu wake wa kisiasa hawakukubali asahau kwamba enzi za Mau Mau alikuwa upande wa serikali. Lakabu ya Kimendeero, yaani mwenye kuponda, ilimfuata hadi uzeeni.

Baada ya uhuru alipanda ngazi upesi. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Fedha. Mwaka wa 1970 serikali ilipojipatia hisa nyingi katika iliyokuwa benki ya National and Grindlays na kuanzisha Benki ya Biashara ya Kenya, ndiye aliyekabidhiwa uenyekiti, naye akakaa hapo takriban mwongo mzima. Aliingia Bungeni mwaka wa 1983 akiwakilisha Kangema, ambako ushindani wake na Joseph Kamotho ulikuwa gumzo la Murang'a kwa miaka mingi. Siasa za vyama vingi ziliporejea mwaka wa 1992, alirudi Bungeni kwa tiketi ya Ford-Asili, na kiti hicho akakishikilia hadi kifo.

Huenda ni benki iliyomjenga zaidi kuliko siasa. Mwenye benki huamini kwamba deni lina tarehe ya kulipwa, na kwamba tarehe ikisogezwa mara moja itasogezwa tena. Tabia hiyo ndiyo aliyoingia nayo katika Wizara ya Uchukuzi.

Muungano wa NARC ulipotwaa uongozi mwishoni mwa 2002, suala la ajali halikuwa geni kwa viongozi wake. Mnamo Desemba 3, 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi, Mwai Kibaki alijeruhiwa vibaya katika ajali kwenye barabara ya Mombasa, karibu na njia panda ya Machakos. Alisafirishwa hadi London kutibiwa, na Desemba 30 akaapishwa katika bustani ya Uhuru akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Serikali iliyoanza kazi kiongozi wake akiwa amefungwa plasta haingeweza kuiona ajali kuwa balaa la maskini pekee.

Sekta ya matatu aliyoikuta Michuki ilikuwa imejiendesha kwa miaka 30. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni walizotakiwa kuwa nazo wenye mabasi. Amri hiyo iliwapa riziki maelfu ya wananchi na kuwafikisha wasafiri mahali ambapo basi halikuwahi kufika. Lakini pia ilizaa gari linalojazwa hadi abiria wananing'inia mlangoni, dereva anayelipwa kwa idadi ya safari, na utingo asiye na rekodi yoyote mahali popote. Mwaka wa 2003 karibu watu 3,000 waliuawa katika barabara za Kenya.

Mnamo Oktoba mwaka huo Michuki alichapisha kanuni zake katika Tangazo la Kisheria nambari 161. Zilitakiwa kuanza kutekelezwa Februari 1, 2004. Kila gari la abiria, na kila gari la biashara lenye uzani unaozidi kilo 3,048, lilitakiwa kuwekewa kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kilitakiwa kuwa na mkanda wa usalama. Matatu iliyozoea kubeba watu 18 ilipunguziwa nafasi hadi 14, na kusimama ndani ya gari kukapigwa marufuku. Mstari wa manjano ulizungushwa ubavuni mwa kila matatu. Madereva walivishwa sare ya buluu na utingo sare ya rangi ya damu ya mzee, na wote wakatakiwa kuwa na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Picha ya dereva ilibandikwa ndani ya gari, abiria amwone anayebeba roho yake.

Wenye magari hawakuamini kwamba angethubutu. Mawaziri wengine walikuwa wametoa amri za aina hiyo na kuziacha zifie njiani. Februari mosi ilipofika, maelfu ya matatu zilikuwa hazijatimiza masharti, na nyingine ziliondolewa barabarani na wenyewe kwa makusudi. Wakenya walitembea. Wafanyakazi wa Nairobi walionekana alfajiri wakifuata barabara kuu kwa miguu kama watu wanaohama. Nauli zilipanda, kwa kuwa viti vilikuwa vimepungua na kidhibiti mwendo kilikuwa na bei yake. Shinikizo la kumtaka alegeze kamba lilitoka kila upande, lakini hakulegeza. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba wananchi wengi walioumia miguu walikuwa upande wake.

Kwa msafiri wa Meru, mageuzi hayo yalionekana wazi kuliko kwa mkazi wa jiji. Safari ya Nairobi hadi Meru kupitia Embu ni ya zaidi ya kilomita 200, na aliyebanwa watu wanne katika kiti cha watatu tangu alfajiri hufika akiwa amekufa ganzi. Sasa alikuwa na kiti chake na mkanda wake. Katika tambarare ya Mwea, pale barabara inaponyooka kati ya mashamba ya mpunga na dereva akashawishika kukanyaga mafuta, gari lilikataa kupita 80.

Takwimu za polisi zilithibitisha hisia hizo. Vifo vya mwaka wa 2004 vilishuka hadi chini ya 2,500. Mamia ya watu waliokoka, na hakuna aliyewajua kwa majina, wala wao wenyewe hawakujijua.

Lakini kufikia mwaka wa 2008 idadi hiyo ilikuwa imepita tena 3,000. Maelezo ya kawaida ni kwamba Michuki aliondoka Uchukuzi, na waliobaki hawakuwa na ukali wake. Vidhibiti mwendo vilichezewa na mafundi, mikanda ikachakaa, na hongo ikarudi kwenye vizuizi vya polisi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila si kamili. Kuna sababu nyingine iliyokuwa ndani ya kanuni zenyewe tangu siku ya kwanza, na barabara ya Meru huionyesha vizuri.

Mfano wa kwanza ni pikapu za miraa. Kila siku, mizigo ya miraa kutoka Maua na maeneo mengine ya Igembe hukimbizwa Nairobi ili iwahi ndege. Bidhaa hiyo hupoteza thamani ikikaa siku mbili, na anayechelewa hupata hasara tupu. Hivyo pikapu za miraa zimekuwa tishio linalojulikana na kila anayeishi kando ya barabara hiyo kutoka Meru hadi Thika. Pikapu si gari la abiria, na uzani wake haufiki kilo 3,048. Kwa hiyo kanuni ya kidhibiti mwendo iliipita kando. Kwenye barabara moja, matatu ililazimishwa kwenda 80 ilhali pikapu ya miraa ikiipita kama risasi.

Mfano wa pili ni watembea kwa miguu, ambao ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani nchini Kenya. Mkanda hauwafai kitu wala sare ya dereva haiwalindi. Nkubu, Chuka, Runyenjes na Makutano ni miji iliyoota juu ya barabara kuu, na soko liko upande huu huku kituo cha magari kiko upande ule. Baadaye, serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda zilijaa kando ya barabara hizo hizo, na kanuni za 2003 hazikuwa na neno juu yake.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni mahali penyewe. Barabara ya Embu hadi Meru inakata miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na mito yote ya upande huo huikata barabara kwa kuvuka. Kuna Rupingazi pale Embu, kuna Thuci unaotenganisha Embu na Tharaka-Nithi, kisha Nithi, Mutonga na mingine mingi. Kila mto umechimba bonde lake. Barabara hushuka, hupinda, huvuka daraja, hupinda na kupanda. Dereva mgeni hajui kona ipi imebana kuliko nyingine hadi awe ameingia ndani yake. Kilomita 80 kwa saa ni mwendo wa busara pale Mwea, na huohuo ni mwendo wa kifo kwa lori lililolemewa linaposhuka bondeni Nithi. Kanuni ya Michuki ilikuwa na nambari moja kwa nchi nzima.

Si kosa la kumlaumu peke yake. Waziri hutunga sheria kwa habari alizoletewa, na zilizomfikia zilihesabu maiti kwa mwaka na kwa aina ya gari. Afisa wa trafiki alipofika kwenye ajali alijaza fomu kwa mkono, na mahali pa ajali akapaeleza kwa maneno: karibu na soko fulani, baada ya shule fulani, kabla ya daraja. Maelezo ya aina hiyo hufaa mahakamani, lakini huwezi kuyajumlisha. Ajali tatu zilizotokea kwenye kona moja zinaweza kuandikwa kwa majina matatu, na makao makuu yakaziona kuwa za sehemu tatu tofauti.

Jambo la kusikitisha ni kwamba vifaa vya kuondoa kasoro hiyo vilikuwa tayari duniani. Mwezi Mei mwaka wa 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake za GPS kwa watumiaji wa kiraia, na tangu hapo kifaa kidogo cha mkononi kikaweza kusoma latitudo na longitudo kwa tofauti ya mita chache tu. Februari mwaka huohuo chombo cha anga cha Marekani kilikuwa kimezunguka dunia kikipima kwa rada miinuko na mabonde ya sehemu kubwa ya nchi kavu, Kenya ikiwemo.

Mtu akiziweka ajali juu ya ramani kama nukta, kila moja na saa yake, aina ya gari na hali ya hewa, kisha akazilaza juu ya ramani ya miinuko, barabara huanza kusema yenyewe. Nukta zinazorundikana chini ya mteremko mrefu huashiria breki zilizochoka, na dawa yake ni njia ya kuponea kwa malori au kubadilisha mwinuko. Zinazorundikana jioni sokoni huashiria watembea kwa miguu na ukosefu wa taa. Zilizotapakaa kwenye sehemu iliyonyooka huashiria mwendo wa kasi, na hapo ndipo kidhibiti mwendo cha Michuki kinapofaa. Bila shaka mtaalamu atakumbuka pia kuhesabu magari yanayopita, maana barabara yenye magari mengi itakuwa na nukta nyingi hata ikiwa salama. Hatapuuza pia umbali wa kila nukta hadi hospitali za Embu, Chuka, Chogoria na Meru, kwa sababu majeruhi wa bondeni hufa pia kwa kuchelewa.

Kazi ya namna hiyo imefanyika Kenya, ila zaidi jijini. Watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya rekodi za polisi za Nairobi zilizokuwa kwenye karatasi, wakaziunganisha na maelfu ya taarifa za ajali ambazo wananchi walikuwa wakizituma kwenye mtandao wa Twitter kupitia huduma ya Ma3Route, na kwa programu ya kompyuta wakatambua mahali pa kila ajali. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Ni vigumu kufanya vivyo hivyo huko Thuci au Mutonga, ambako wasafiri wanaoandika mtandaoni ni wachache. Huko rekodi ya polisi ndiyo tegemeo.

Michuki mwenyewe alihamishwa Desemba 2005 na kupewa Wizara ya Usalama wa Ndani. Kipindi hicho kiliharibu sifa yake kwa kiasi kikubwa. Machi 2006 maafisa waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard na runinga ya KTN usiku, wakachoma nakala za magazeti na kuzima mitambo, naye akautetea uvamizi huo hadharani kwa maneno ambayo wanahabari hawajayasahau. Ukaidi uleule uliosifiwa kwenye vituo vya matatu ulionekana sasa kuwa ubabe. Mwanzoni mwa 2008 aliongoza Wizara ya Barabara kwa miezi michache tu, muda usiotosha hata kuchora daraja, kabla serikali ya mseto haijaundwa na yeye kupelekwa Mazingira. Mwaka huohuo alikaimu pia Wizara ya Fedha.

Pale Mazingira alifanya jambo linalostahili kutazamwa na anayejali barabara. Mto Nairobi ulikuwa umegeuka mtaro wa maji taka, na sheria za kuukinga zilikuwapo tangu zamani. Michuki hakuishia kwenye kanuni. Alichagua sehemu mahususi ya ukingo wa mto karibu na katikati ya jiji, akaondoa karakana na takataka zilizoukaba, na akasimamia upanzi wa miti. Baada ya kifo chake sehemu hiyo ilizorota, ikakarabatiwa, na mwaka wa 2020 ikafunguliwa kama Bustani ya Kumbukumbu ya John Michuki. Hapo mtoni alikuwa na mahali pa kuonyesha kwa kidole, kitu ambacho hakuna aliyempa alipokuwa Uchukuzi.

Mwaka aliofariki ndio mwaka Bunge lilipopitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Mnamo Novemba 2018, baada ya msururu wa ajali mbaya, serikali ilitangaza kwamba kanuni za Michuki zingetekelezwa upya. Matatu zilipakwa tena mstari wa manjano na wasafiri wakatembea tena kwa siku kadhaa. Hata hivyo, takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba mwaka wa 2024 watu 4,748 waliuawa barabarani. Ni kweli magari na watu wameongezeka sana tangu 2004, lakini hakuna anayeweza kuiita idadi hiyo ushindi.

Jioni ya Jumapili, Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilishindwa kukata kona ya daraja la Nithi, likavunja ukingo na kutumbukia bondeni umbali wa takriban mita 40. Zaidi ya watu 30 walikufa. Halikuwa gari la kwanza kuanguka hapo, na wakazi wa Tharaka-Nithi walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba daraja hilo, lililowekwa mwishoni mwa mteremko na kona, lilichorwa vibaya. Viongozi wa eneo hilo walirudia kudai lichorwe upya. Katika siku chache NTSA ilisimamisha kazi za kampuni iliyomiliki basi hilo. Magari mengine yote yakaendelea kushuka bondeni na kukata kona ileile.